Dakika Sita

Mita thelathini, koni hadi koni.
Nimezipima kwa utepe wa fundi cherehani,
maana ule wa mradi ulipotea Ijumaa
na leo koridoni tuna watu kumi na mmoja.

Wa nne ni Kerubo, wa Umoja, ghorofa ya tatu.
Naanza na maswali ya karatasi:
Unalala na mito mingapi?
Mitatu, anasema. Usiku mbaya, minne,
na wa nne ukifika si kulala tena, ni kukaa.
Naandika tatu.
Siandiki ile mito mingine
inayopanda kutoka vifundoni taa zikizimwa.
Nabonyeza muundi kwa kidole gumba;
shimo linabaki pale, linanitazama,
halina haraka ya kufunga.

Mwaka jana, siku ya kutia sahihi,
alisoma fomu ya ridhaa kurasa zote saba,
kidole chini ya kila mstari, kama achambuaye mchele.
Akasimama penye "moyo kushindwa".
— Umeshindwa na nani?
Nikasema, haujashindwa na mtu. Umechoka kusukuma.
— Basi andikeni hivyo.
Nilipeleka neno lake kamatini.
Kamati ikajibu baada ya wiki tisa: neno libaki.
Lakini nakala ya nyumbani ni yake.
Alilikata kwa kalamu ya bluu, akaandika "umechoka",
na pembeni, kwa herufi ndogo, "kidogo".

Kopo lake lina namba, halina jina.
Huenda mna dawa, huenda mna unga mtupu
uliovishwa sura ya dawa.
Mimi sijui. Daktari Wekhomba hajui.
Inajua kompyuta moja, nayo imeapishwa.
Jirani kamwambia, hao wanakufanya panya.
Yeye kajibu: kama ni chaki, ni chaki,
nimepika shule ya msingi miaka ishirini na miwili,
chaki nimeshaila ya kutosha.

Haya, mama, kwenye mstari. Anza.

Kanuni yaniruhusu sentensi mbili:
"Unaendelea vizuri." "Zimebaki dakika nne."
Nisiseme jikaze.
Nisitembee mbele yake wala ubavuni,
asije akaazima mwendo wangu.
Basi niko nyuma, hatua mbili, saa mkononi,
nasikia ndara zake zikifagia saruji,
na ile mikono iliyoinua sufuria za githeri za watoto mia sita
inautafuta ukuta, inaukataa,
inautafuta.

Dakika ya nne ukuta unampata.
Saa haisimami; ndivyo kanuni.
Anaegemea chini ya ratiba ya chanjo,
midomo imeingia rangi ya zambarau,
ananyoosha kidole kimoja: usiandike bado.

Nawaza safu ya kumi na saba,
ya Lemayian wa Dagoretti, aliyekuwa akipaka magari rangi:
ziara ya kwanza, ya pili, ya tatu,
kisha nyeupe hadi ukingoni mwa karatasi.
Kuna kisanduku cha sababu.
Nilikijaza kwa mwandiko mzuri.

Kerubo anajing'oa ukutani.
Hasemi kitu. Ndara zinarudi kufagia,
polepole, kama mtu anayefagia kwake.

Mia na themanini na sita.
Mwezi uliopita, mia na sabini na moja.
Mita kumi na tano; mtakwimu atasema ni kelele tu.
Huenda ni kidonge. Huenda ni chaki.
Huenda jana maji hayakukatika Umoja
na hakupanda ngazi na ndoo.
Naandika namba peke yake.

Anasaini nauli, mia tano, anaihesabu mara mbili,
kisha ananiangalia kama aonjaye chumvi:
— Na wewe huko nyuma, ulikuwa unahema nini?